Kurasa Mia Moja Tisini na Mbili

Alhamisi asubuhi, ofisa wa itifaki aliingia katika chumba cha kujalidi vitabu bila kubisha hodi, akakiweka kitabu cha rambirambi juu ya meza ya fundi na kukigandamiza kwa viganja viwili, kana kwamba kingepaa. Katikati ya kurasa zake vilichomoza vikaratasi vya njano. Fundi alivihesabu kabla hata ya kusalimia. Vilikuwa kumi na kimoja.

Kuhesabu kulikuwa tabia yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshona vitabu vya serikali katika chumba kilekile cha ghorofa ya chini: daftari za vizazi na vifo, daftari za mahakama, za ardhi, za shule. Jengo zima lilimwita Gundi, maana kucha zake hazikuwahi kutakata tangu siku aliyoajiriwa. Jina hilo hakulichukia. Lililomkera lilikuwa lile ambalo mdogo wake wa kike alimwita kwenye kila kikao cha ukoo, akitabasamu, huku amebeba sinia la chai: "Bwana Namba amefika, mpisheni akae." Ukoo wote ulicheka. Kaka na dada pekee ndio waliojua kilichomo ndani ya jina hilo.

Kitabu kile kilikuwa cha marehemu. Kiongozi aliyewahi kuitawala nchi kwa miaka kumi na minne alikuwa amefariki Jumamosi iliyopita, mzee wa miaka themanini na minane, na watu walimjua kwa jina la Mzee wa Saa Moja. Aliagiza ofisi zote zifunguliwe saa moja kamili asubuhi, na siku nyingine alisimama mwenyewe mlangoni mwa ofisi ya watu, mkono nyuma, akitazama saa yake. Alifunga kumbi za dansi. Aliagiza sketi zishuke chini ya magoti. Aliagiza msichana wa shule akipata mimba afutwe na asirudi tena. Na kwa kuwa wakubwa wa enzi zile walikuwa na mazoea ya kunyofoa kurasa wasizozipenda, aliagiza kila kitabu cha serikali kipigwe namba ukurasa kwa ukurasa, na mbele kiandikwe kina kurasa ngapi, kwa saini ya aliyekishona. Atakayechomoa ukurasa, kazi hana.

Gundi aliajiriwa mwaka wa tatu wa amri hiyo, akaipenda. Aliona ndani yake kitu kisafi. Viongozi waliofuata walipobandua picha za Mzee maofisini, ya Gundi ilibaki ukutani juu ya mashine ya kukatia karatasi, imepauka, lakini imenyooka.

Ndiyo maana alipoombwa kutengeneza kitabu cha rambirambi, mkono wake ulifanya ulichozoea. Alikunja karatasi nne nne, akapata mafungu kumi na mawili, akayashona kwa uzi wa kitani, akapiga namba kwenye pembe ya juu ya kila ukurasa, kisha ukurasa wa kwanza akaandika: *Kitabu hiki kina kurasa mia moja tisini na mbili.* Akatia saini na tarehe. Mwanamke aliyefanya naye kazi humo, ambaye watu walimwita Mama Stempu, alimtazama akimalizia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Gundi, hizo ni rambirambi au hati za kiwanja? Unaogopa waombolezaji wataiba kurasa?"

Gundi alijibu kwamba kitabu ni kitabu.

Kitabu kikawekwa ukumbini kwa siku nne, na foleni ikafika barabarani. Mama Stempu alikwenda kila mapumziko, si kuandika, kusoma, na kurudi na habari. Mwalimu mstaafu alikuwa ameandika kwamba wakati wa Mzee hata chaki haikuibiwa. Dereva wa lori aliandika: wakati wako sikutoa rushwa hata mara moja, wala sikusema neno hata mara moja. Mwingine aliandika kwamba Mzee alifunga baa saa tatu usiku, ndoa yake ikapona, na leo amekuja na mkewe. Chini yake mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu: kaka yangu alikamatwa kwa kupiga gitaa, hakurudi mzima. Ukumbini watu walijibizana kwa sauti za chini, wakasukumana kidogo, na askari mmoja akawekwa karibu na meza.

"Mimi mwenyewe sijui niandike nini," Mama Stempu alikuwa amesema. "Mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta. Kumbi zilipofungwa akarudi nyumbani moja kwa moja. Sasa nimshukuru Mzee au nimlaani? Tangu siku hiyo nakoromewa mimi."

Gundi hakucheka. Naye alikuwa ameandika siku ya kwanza, mstari mmoja: *Ulitufundisha kunyooka.*

Basi Alhamisi hiyo ofisa wa itifaki hakuzunguka mbuyu. Alieleza kwamba kesho saa nne mjane na wakubwa wa serikali watakuja kukabidhiwa kitabu. Yeye amekisoma chote jana, kichwa kimemuuma. Palipo na kikaratasi cha njano pana maneno ambayo mama mwenye umri ule, mwenye msiba, hastahili kuyaona. Yatolewe.

Gundi alifungua kikaratasi cha kwanza. Ilikuwa ile kalamu nyekundu. Akafungua cha pili. Cha tatu kilikuwa ukurasa wa thelathini na saba, na kabla hajasoma neno aliutambua mwandiko. Zilikuwa herufi zilizolala upande wa kushoto, za mtu aliyejifunza kuandika akiegemea dirisha la jikoni kwao.

*Mzee. Nilikuwa kidato cha tatu, wa pili darasani kwa hesabu. Aliyenipa mimba alikuwa mwalimu wangu. Yeye alihamishwa shule, mimi nikafutwa kwa amri yako. Nimeshona nguo za watu tangu hapo na sijamwomba mtu. Leo nimefika saa moja kamili kama ulivyotufundisha, nikuambie uso kwa uso na sanduku lako kwamba ulikosea. Pumzika.*

Hakuwa ameandika jina. Halikuhitajika.

Ofisa alikuwa akiendelea kusema, na sauti yake ilimfikia Gundi kama inatoka chumba cha pili. Alikuwa akiuliza kama inawezekana.

Hapo ndipo mtu hujulikana, panapokuwa na uongo mwepesi mkononi na hakuna wa kumshuku. Gundi angeweza kusema haiwezekani, na nusu ingekuwa kweli. Kitabu kilichoshonwa hakina ukurasa unaosimama peke yake. Kila karatasi imekunjwa katikati, na ukichomoa upande mmoja, mwenzake wa upande wa pili analegea. Ukurasa wa thelathini na saba ulishikana na wa arobaini na tatu, ambako askari mstaafu alikuwa amemsifu Mzee, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Ukitoa wa dada yake, wa askari unaning'inia. Ofisa hakulijua hilo. Wala hakujua kwamba fundi mwenye mkono mzuri huacha ukanda mwembamba wa karatasi penye mshono, akaubana kwa gundi, na mjane asingeona kitu hata angetumia miwani miwili.

"Inawezekana," Gundi alisema.

Ofisa alishusha pumzi. Kisha akaziona namba. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma yale maandishi na saini, uso ukambadilika.

"Nani alikutuma kupiga namba kitabu cha msiba?"

"Hakuna, bosi. Ni mazoea."

Ofisa alitembea hadi dirishani na kurudi. Hakuwa mjinga. Alishika kitabu, akapima kwa kidole nafasi iliyokuwa juu ya mistari, akasema namba zote ziko pembeni juu. Mashine ikate nusu kidole, ziondoke, zipigwe upya. Karatasi ya kwanza ibadilishwe. Iandikwe kurasa mia moja na sabini, Gundi asaini, basi. Akainama juu ya meza, sauti ikashuka.

"Fundi, sikuagizi ubaya. Hivi mama yako angefiwa, ungempelekea matusi kwenye sinia?"

Hata Gundi aliamini kwamba msiba una adabu yake. Ofisa akaongeza, bila kubadili sauti, kwamba ghala la karatasi chakavu upande wa pili wa mji halina msimamizi, na kwamba kitabu anakitaka kesho saa mbili. Akatoka.

Mama Stempu, aliyekuwa amejifanya anapangusa mashine muda wote huo, aliuliza ni nini kilichomfanya awe na rangi ya bahasha. Gundi alikifungia kitabu kabatini na kuweka ufunguo mfuko wa shati.

Siku ile alishona daftari mbili na zote alizifumua tena.

Yaliyomrudia yalikuwa ya miaka ishirini na minane nyuma. Mwaka ule orodha za wasichana waliofutwa shule zilikusanywa mkoa mzima, zikaletwa chumba hikihiki zishonwe kuwa daftari moja kabla ya kupelekwa makao makuu. Namba zilikuwa zimekwisha kupigwa. Jina la mdogo wake lilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Baba yao alikuja kumngojea nje ya geti, kofia mkononi, mtu ambaye hakuwahi kumwomba mwanawe kitu. Alisema makao makuu ndiyo yatakayozipelekea shule zote majina. Jina lisipofika, binti anaweza kuanza upya mji mwingine, kwa shangazi. "Ni karatasi moja tu, mwanangu. Karatasi hupotea."

Gundi, kijana mwenye kazi mpya na shati jeupe, alisimama wima akamjibu baba yake kwamba kurasa zina namba. Akarudi ndani. Jioni hakwenda nyumbani, wala wiki ile, wala mwezi ule. Alijiona ameshinda mtihani.

Saa kumi na nusu alifika kwenye kibanda cha dada yake. Alimkuta ameinamia cherehani, pini mdomoni, anapinda pindo la sare ya mtoto wa shule. Dada hakuinuka. Alisukuma kiti kwa mguu.

"Bwana Namba. Leo njia imekupotea?"

Gundi alimweleza yote kama yalivyo: vikaratasi vya njano, ofisa, mjane, ghala. Alisema ameuona ukurasa wake. Alisema kitabu kinatakiwa kesho saa mbili. Dada alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini, na cherehani ikanyamaza.

Alipozungumza hakupandisha sauti. Aliuliza kama karatasi yake inaweza kutoka pasipo kuonekana. Gundi akasema ndiyo. Aliuliza kama ofisa ni mtu mkubwa. Gundi akasema mkubwa kiasi.

"Mimi ulipokuwa na jina langu mkononi, namba hazikutoka," alisema dada. "Baba alisimama jua kali, hazikutoka. Leo ni maneno yangu, si jina langu, na mkubwa mmoja amekunja uso. Kumbe zinatoka?"

Gundi alitazama vidole vyake.

"Sikwambii ufanye nini, kaka. Mimi yangu nimeyaandika. Nataka tu kujua kama ile ilikuwa sheria, au ilikuwa mimi."

Akawasha cherehani. Gundi alikaa kidogo pale, akasikia sindano ikipita kwenye kitambaa kigumu, kisha akaaga na hakuitikiwa.

Ijumaa alifungua chumba saa moja kamili. Alitoa kitabu kabatini. Alitayarisha kisu, rula ya chuma, brashi, gundi, akavipanga kwa mstari. Hakuna anayeweza kusema alikuwa amekwisha kukata shauri; vifaa vilikuwa tayari na mkono wake ulikuwa umetulia. Alifungua ukurasa wa thelathini na saba na kuweka rula kando ya mshono. Alifikiria mjane. Alifikiria ghala, ambako panya ndio wasomaji. Alifikiria pia kwamba kama kisu kingepita sasa, basi miaka ishirini na minane iliyopita hapakuwa na sheria yoyote chumbani mle. Palikuwa na kijana mwoga aliyeogopa wakubwa kuliko alivyompenda mdogo wake, na fundi huyu wa leo angekuwa ni yuleyule.

Akaondoa rula. Akachomoa vikaratasi vya njano, kimoja kimoja, akavibana kwa klipu.

Saa mbili ofisa aliingia. Aliona kitabu kimefungwa, unene uleule, na vile vikaratasi juu yake.

"Umemaliza?"

"Sijakigusa, bosi."

"Ulisema inawezekana."

"Inawezekana. Mimi ndiye siwezi. Nilisaini kurasa mia moja tisini na mbili, na hii ni amri ya huyu tunayemwomboleza." Alielekeza kidevu kwenye picha iliyokuwa juu ya mashine. "Ukitaka, kisu hiki hapa. Ukate mwenyewe, na ukurasa wa kwanza usaini wewe."

Mama Stempu aliacha kupangusa mashine.

Ofisa alikitazama kisu. Ni jambo la ajabu jinsi watu wenye amri nyingi wanavyoogopa kalamu. Alisema neno moja la hasira, lisilofaa kuandikwa, akakibeba kitabu kwapani. Mlangoni aligeuka na kusema Gundi awepo ukumbini saa nne, akae nyuma, ili likitokea la kutokea mwenye kulijibia aonekane.

Ukumbi ulijaa. Gundi alikaa safu ya mwisho. Ofisa alikuwa amepanga vizuri: kitabu kifungwe kwa utepe, kikabidhiwe kikiwa kimefungwa, wapige picha, wapande magari. Mjane alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mkongojo. Alipokea kitabu, picha zikapigwa. Kisha badala ya kumpa msaidizi wake, aliketi, akakiweka mapajani, na kufungua utepe.

Ofisa aliinama haraka kumnong'oneza kitu. Mama yule akamwinulia kiganja bila kumtazama. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akafunua. Akaendelea kufunua, taratibu, na ukumbi ukawa kimya kiasi kwamba karatasi zilisikika. Palipo na kalamu nyekundu alikawia. Akafunua tena. Gundi alijua kwa kuutazama tu unene uliokuwa upande wa kushoto lini alifika kwenye fungu la tatu. Mkono wa mama ulisimama hapo muda mrefu, kidole kikifuata mistari. Hakuna aliyeuona uso wake, maana alikuwa ameinama.

Mwishowe alirudi mbele.

"Nani kasaini hapa?"

Gundi alisimama. "Ni mimi, mama."

"Zipo zote?"

Ofisa alimkazia macho. Wakubwa wawili waligeuka.

"Zipo zote, mama. Mia moja tisini na mbili."

Mjane alitikisa kichwa kukubali, kwa namna ya mtu anayepokea bidhaa. Alisema marehemu alikuwa hapokei kitabu bila kukihesabu, hata cha sala. Sasa atahesabu yeye, nyumbani, ana muda. Alifunga utepe kwa mikono yake na kuondoka nacho, na mpaka leo hakuna anayejua alifikiri nini.

Barua ya uhamisho ilifika Jumatano. Ilimshukuru fundi kwa utumishi wake na kumpeleka ghala la karatasi chakavu kuanzia mwezi ujao. Mama Stempu aliisoma mara mbili, akasema barua yenyewe imepinda, aliyeikata hajui kazi. Kisha akaenda nyuma ya kabati akakaa huko kidogo.

Siku ya mwisho Gundi alikuwa akipanga vifaa vyake kwenye sanduku la mbao dada yake alipotokea mlangoni. Hakuwahi kuingia chumba kile. Alitazama mashine, nyuzi, meza iliyochakaa, na mwisho picha ya Mzee ukutani. Gundi alinyoosha mkono kuibandua.

"Mwache hapohapo," dada alisema. "Mimi nimeshamjibu."

Mkono wa Gundi ukashuka.

"Wewe ndiye hujanijibu."

Gundi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi njiani, siku nyingi, na yote yalikuwa ya sheria. Hakulitumia hata moja.

"Karatasi ile nisingeitoa," alisema. "Hata leo nisingeitoa. Lakini nyumbani ningeweza kuja. Jioni ileile. Ningeweza kuja nikakaa na wewe, na sikuja."

Dada alimtazama kwa yale macho ya mtu anayekagua pindo kabla ya kukubali nguo. Kisha aliinama, akashika mkono mmoja wa sanduku, akamngoja ashike wa pili.

"Ni zito," Gundi alisema.

"Shika, kaka," alisema dada. "Saa inakwenda."